Mwongozaji wa Banda la Video

Mjukuu wangu Baraka,

Hapa Shanwe hatujambo. Mahindi tumevuna, na kaburi la bibi yako tumeshalijengea. Unaniuliza, kwa ubishi wenu huko chuoni, ni mwongozaji gani wa filamu za zamani anayewazidi wote.

Majina yao siyajui. Ila ujanani, mchana mmoja kwenye banda la video, jenereta lilizima picha ikikaribia kwisha, steringi, yule shujaa wa picha, kazingirwa na maadui. Watu wakapiga kelele. Binti mmoja akasimama.

"Nyie, tulieni, nawamalizia!"

Akamtorosha steringi, akamvusha mto, akamfikisha kwa mama yake akakuta ugali bado wa moto. Tulipiga makofi.

Wiki iliyofuata tuliuona mwisho wenyewe: steringi anakufa. Banda zima likafoka, "Uongo huo! Tunataka ule wa yule dada!"

Mimi nikatoka kwenda kumtafuta. Ndiye bibi yako.

Waambie wenzako kura ya babu iko kwake. Namshukuru sana, mjukuu wangu, maana miaka yote niliyorudi kutoka shamba nimechoka, niliukuta ugali bado wa moto.

Babu yako