Kilo Zako Zinakudanganya, Mwanangu

Mjomba wako Kasanda ameanguka! Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Salamu baadaye, Maganga mwanangu. Leo nina hasira.

Unakumbuka mlivyokuwa mnaleta asali kutoka Sikonge, wewe na yeye, baiskeli moja, mnapokezana kukanyaga? Mapaja yako yalikuwa magumu kama mchi. Majirani wa Kanyenye wakaniuliza, "Mama Maganga, huyu unamlisha nini?" Nikawajibu, "Michembe ya viazi vitamu na kazi! Zaeni na nyie tuone." Sijaona kijana aliyekuzidi, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu.

Halafu mkapata maduka, mkapata na viti vya kukalia. Kila Krismasi mjomba wako na ule mchezo wake wa mkanda: ambaye tumbo limedai tundu jipya, ndiye anakabidhiwa firigisi ya kuku. Mara ya mwisho ukaipata wewe. Akakupigapiga tumbo, "Mpwa wangu, sasa umekuwa mtu!" Nyumba nzima vigelegele. Vigelegele vya nini?

Jana daktari kaniambia mjomba wako wala hakuwa mzito. Mikono myembamba, miguu fito, mafuta yote yamejazana tumboni, yamezunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo hupandisha presha na kuharibu mishipa ya moyo na ya kichwa. "Mama," kasema, "mizani haioni mafuta yamekaa wapi. Kiuno nacho kipimwe." Yeye anamsema mjomba, mimi nakuona wewe.

Nikakupigia. Ukacheka! "Mama, kilo zangu za kawaida kabisa. Mbona wewe mnene kuliko mimi?"

Mnene ndiyo! Unene wangu umekaa nyongani na mapajani, jembe nalishika mpaka leo, na hata hivyo nimekwenda nikapimwa. Presha nzuri. Wewe mwanamume mzima unaogopa utepe wa fundi cherehani?

Asubuhi hii nimemlisha kaka yangu uji kwa kijiko, ukamwagika kidevuni, akalia. Sikukuzaa nije nikulishe hivyo uzeeni kwangu. Nakupenda hadi nakasirika, na sitapoa mpaka nikuone.

Njoo na mkeo. Wadogo zako wa Bukene nimeshawaambia, hakuna aliyebisha. Tunakwenda kupimwa wote, viuno na presha, kisha chakula napika mimi.

Mama yako, mwenye watoto wazuri kuliko Tabora nzima, anawangoja wote Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi.