Maji Kwenye Dawa ya Musyimi

Roselyne, mwanangu Musyimi ameanguka kifafa tena. Tuko hospitali, hajaamka.

Unajua daktari alisema tumpunguzie dawa ya maji pole pole. Kila jioni kabla ya darasa letu la watu wazima nilivuta kwa sindano mpaka mstari wenyewe. Mimi niliyejua namba uzeeni, na sikukosea.

Kumbe mama mkwe alisikia "ipunguzwe" akaongeza maji kwenye chupa, kama mtu anayepunguza uji mzito. Maji, Roselyne.

Nikamuuliza, "Mwaitu, mama, kwa nini?"

"Nilikuona umechoka na masomo, nikakusaidia. Na nilikuwa namwombea nikimimina."

Namwombea nikimimina.

Daktari nimemwambia kuhusu maji. Akauliza ni nani aliyeyatia. Mwaitu alikuwa ameshika miguu ya Musyimi.

Mungu anisamehe, nimesema ni mimi.