Swali la Andazi

Pongwe, Jumanne

Mpenzi Ayubu,

Niwie radhi, wiki tatu sijakuandikia. Mtoto anaota meno, kila nikishika kalamu anataka titi. Mama anakusalimu, na bamia zimeanza kuzaa.

Simu nimeikwepa makusudi, maana ningegomba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Umewahoji wanawake watano wa kupika kwenye mgahawa wako huko Mkwaja, ukamchukua Nasra kwa jibu moja. "Andazi moja, wageni watatu, utafanyaje?" Naye akasema, "Nitalikata vipande vinne, bosi, na wewe upate." Halafu ukacheka.

Swali hilo uliniuliza mimi, barazani kwa shangazi, kabla hujaleta posa. Nikajibu nitawapa wageni, mimi nitalamba kikaango. Ukasema umepata mke. Leo ndilo la kutafutia mpishi?

Sisemi umfukuze. Ila mpishi hapimwi kwa utamu wa maneno, mume wangu. Waite tena wote watano, uwaulize maswali mapya, yaleyale kwa kila mmoja, kisha kila mmoja akande unga mbele yako na mbele ya Bi Asmahani, mwenye nyumba wako. Yeye hachekeshwi ovyo. Kama Nasra anajua kazi, chapati zake zitamsemea.

Nitumie kwa basi la Ijumaa dawa ya fizi ya mtoto, kanga yangu niliyoisahau kwako, karatasi ya maswali mapya niyapitie kwanza, na lile la andazi. Hilo lirudi nyumbani.

Mkeo,
Shadya