Kigingi Uani kwa Mama

Jumanne, Bungoma. Mvua imekatika saa nane, lakini mawingu hayajaondoka mlimani na moyo wangu haujatulia.

Nimetoka nyumbani kwa mama, nimerudi kambi ya wapima ardhi. Kazi yangu hapa ni kushika mnyororo wa kupimia. Reli inakuja. Bungoma itapata stesheni, na maduka ya mabati kama ya Kitale, na kila mtu anafurahi. Mimi pia nilifurahi, mpaka wiki iliyopita.

Bwana mpimaji aliuliza ni wapi maji hayatuami wakati wa masika. Wenzangu waliendelea kukunja mnyororo. Lakini mdomo wangu huu! Nikajisifu, kama tunavyosifia boma zetu mbele ya mgeni: kwetu hata inyeshe siku saba, unatembea uani bila kuchafua miguu. Akacheka, akanipa sigara, akaandika.

Nilimpeleka mwenyewe, akapigilia kigingi chekundu uani kwa mama.

Kitale nilishaona mji unavyoanza. Kwanza vigingi vyenye rangi nyekundu, halafu kamba. Kisha karani analeta karatasi, na wenye boma wanaambiwa wavune walichonacho wahame. Penye ghala la mahindi leo palikuwa na nyumba, na kaburi la mzee wa nyumba hiyo. Lile kaburi tulilisawazisha kwa majembe mimi na wenzangu, nikijiambia mzee huyo si wa ukoo wangu.

Baba yangu amelala hatua kumi na mbili kutoka kigingi chetu. Leo nimezihesabu.

Mama hajui. Nimemkuta amefunga mbuzi kwenye kigingi hicho, ana furaha kweli. Amewatangazia majirani kwamba Serikali imemkumbuka mjane. Majirani nao wanasubiri vyao.

Nilikwenda nimejiandaa kumwambia. Nikala ugali wake, nikanawa mikono, nikainuka kuondoka.

Nilipoaga, akaniita. "Baba, hii mti ya Serikali imeregea. Si uigonge kidogo, mbuzi isiende kwa mahindi ya watu."

Ningeweza kuking'oa. Niliogopa kufukuzwa kazi, huo ndio ukweli. Nikaokota jiwe, nikagonga mara tatu, kikazama imara. Akanishukuru, akanibariki kwa jina la baba.

Kesho asubuhi tunakwenda pale na kamba, na mama atatukaribisha uji. Nitapokea kikombe chake kwa mkono upi?