Mukalimani wa Kibumba

Keshero, Goma

Shemeki Charline,

Sisi tuko wazima. Kaka yangu Janvier amejifunza kupika sombe tangu umuachie watoto. Yule mudogo anauliza kila siku mama anarudi lini. Ninamujibu kwamba mama anasoma Ulaya.

Picha niliiona. Umesimama mbele ya wazungu, na nyuma yako, ukutani, maharagwe ya Kibumba yaliyohifadhiwa kwa majivu. Picha ile ya ukutani nilipiga mimi. Utafiti wote niliuacha kwenye ordinatere, kompyuta yangu, siku ulipokuja kulala kwangu, nawe ukaunakili, ukauombea bourse, ule ufadhili wa masomo wa wanawake watafiti. Uliondoa jina langu tu. Hata makosa yangu ya Kifaransa uliyaacha.

Sikulalamika. Hata Janvier sikumuambia.

Sasa profesa wako ameniandikia. Mutapitia Kigali mwezi ujao kuja huku, kwa sababu anataka kuwaona wale wamama wa Kibumba "uliolima nao". Kinyarwanda chao hukijui, basi anatafuta mukalimani. Nimekubali kwa furaha.

Kibumba wana desturi yao, nawe huijui kwa sababu hujakanyaga kule. Mugeni hafunguliwi ghala la mbegu mpaka muzee wao, mama Nyiransabimana, amuulize mbele ya wote: "Hapa ulilima na nani?"

Atakuuliza, profesa akiwa pale. Wewe utajibu, wamama watacheka, kisha watasema wao walilima na nani. Nitamutafsiria profesa neno kwa neno, shemeki. Chumvi sitatia hata kidogo.

Njoo na viatu vya shamba.

Uwitonze