Kosa la Kusindikiza Mgeni

Mama, mvua ya Birmingham haijui kukatika, lakini mwanao ni mzima. Nimebadilishiwa familia ya kukaa nayo, na lawama ni zako! Si wewe uliyenifunza kwamba mgeni husindikizwa? Basi rafiki wa Linda, mwenyeji wangu wa Kingstanding, alipoaga, nikamsindikiza kuelekea steji ya basi. Akaongeza mwendo, nami nikaongeza, mpaka akaita polisi.

Leo Linda amenileta Small Heath kwa Bibi Kaur, mzaliwa wa Kisumu. "Karibu nyumbani, mjukuu wangu," akaniambia kwa Kiswahili. Linda alipoaga, Bibi akamsindikiza hadi kwenye gari, akaingia, wakaenda zao. Amenipigia sasa hivi: mvua imezidi, atalala kwenye chumba changu cha zamani.

Msalimie Baba. Wageni wenu wafikisheni getini tu.

Mwanao, Otieno