Amina ameomba mbegu za muhogo

Busia, Jumanne usiku

Sikuulizwa. Mke wangu alimkuta Amina stendi, amekimbia vita Sudan na watoto watatu, akamleta nyumbani. Nikamwambia unga hautatosha watu tisa. Akanijibu, "Baba Nekesa, Mungu asinikute nimemfungia mama mwenzangu mlango."

Imani ni yake, gunia ni langu.

Tukampa jembe na kipande cha shamba. Miezi yote hii amepanda sukuma tu, mboga ya haraka, maana mumewe aliyebaki kule angeweza kupiga simu wakati wowote warudi.

Simu ya mumewe haipatikani tena. Leo Amina ameniomba mbegu za muhogo. Muhogo unakaa ardhini mwaka mzima.

Nimemkatia mzigo mzima wa vijiti vya kupanda. Unga nitatafuta. Mume nitamtoa wapi?